Uso wa Mtu Mzima si Ukuta wa Kupakwa Chokaa

Nenda katika arusi yoyote ya Kiswahili, iwe Lamu, Malindi, Mombasa au Vanga, usiku wa kupamba, nawe utaliona jambo hili. Biarusi yuko juu, amepambwa akapambika, na hiyo ni haki yake. Lakini geuza macho uwatazame mamake, shangazi zake na makungwi waliokaa safu ya mbele. Nyuso zao zimepakwa na mkono ule ule, kwa poda ile ile, tena kwa kiasi kile kile alichopakwa mwana wa miaka 22. Mwanzo wa usiku hupendeza. Ukumbi ukishapata joto na vigelegele vikishakolea, poda imekwisha kujikusanya ndani ya mikunjo ya uso, shingo ina rangi yake na mashavu yana yake, na mama wa watu aliyeondoka kwake mzuri anaonekana amezidishiwa miaka 10.

Mpambaji hakukusudia ubaya. Kazi yake ameisomea juu ya nyuso changa, na picha anazoigiza ni za wasichana. Hakuna aliyemwambia kwamba ngozi ya mama aliyevuka miaka 50 haipokei rangi kama ngozi ya bintiye.

Wapo watakaouliza: mtu mzima ana haja gani ya kujipamba? Maneno haya husemwa kwa kebehi, na aghalabu na wale wasioijua mila yao wenyewe. Kwa desturi ya pwani, mapambo hayakuwa ya mwanamwali. Hina, udi, asmini za kichwani na vikuba vilikuwa vya mwanamke aliyeolewa. Mwari aliingizwa humo na kungwi wake siku za arusi, naye kungwi alikuwa mtu mzima anayejua anachokifanya. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe, watu humkumbuka kwa taarabu na unyago, lakini alijulikana pia kwa hina na wanja. Ujuzi wa mapambo hapa petu umekaa siku zote mikononi mwa watu wazima. Ajabu ni kwamba leo wao ndio wanaopambwa vibaya.

Mipaka ya dini inajulikana: nani anafaa kumwona mwanamke na pambo lake, na kwamba aliye edani hajipambi. Hayo yana wenyewe wa kuyafundisha. Sisi tuseme juu ya ngozi.

NGOZI IMEBADILIKA

Chini ya ngozi kuna nyuzi zinazoishika ikae imara, na kuna vifuko vidogo vinavyotoa mafuta ya kuilainisha. Umri ukisonga, vyote viwili hupungua. Kwa mwanamke, mabadiliko makubwa huja hedhi ikikoma. Madaktari wa ngozi husema kwamba katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hapo, kiasi cha asilimia 30 ya zile nyuzi za kolajeni hupotea. Ngozi huwa nyembamba, huwa kavu, na maji hayakai ndani yake kama zamani. Sisi wenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde tuna bahati moja, nayo ni kwamba makunyanzi hutuchelewa kuliko wazungu. Lakini tuna mtihani mwingine: madoa. Rangi ya uso huacha kuwa moja, mashavu yakaingia vivuli, chini ya macho pakawa peusi, na kwa wengi huota vipele vyeusi vidogo visivyouma kando ya macho na mashavuni.

Sasa chukua uso kama huo, kavu na wenye mikunjo, uumwagie poda. Poda kazi yake ni kunyonya mafuta. Hapo hakuna mafuta ya kunyonya, basi hunyonya unyevu kidogo uliobaki, ikatuama ndani ya kila mkunjo kama vumbi kwenye ufa. Kunyanzi ambalo halikuonekana asubuhi, jioni limechorwa.

Kwa hivyo la kwanza kwa mtu mzima si rangi, ni mafuta. Hili mabibi zetu walilijua. Walisaga liwa juu ya msio kwa marashi ya mawaridi, wakajipaka usoni mchana wakiwa kwao, na wakaiosha kabla ya kutoka. Ndugu zetu wa Ngazija na Maore wangali wanatembea nje na uso wa rangi ya manjano ya msindanu, ambao ni msandali uliosagwa vivyo hivyo, na kusini zaidi, kisiwani Msumbiji, wanawake hupaka mussiro mweupe. Ila liwa ikikauka sana huvuta ngozi, na ngozi ya mtu mzima haipendi kuvutwa. Tia tone la mafuta ndani yake, na uioshe ingali na unyevu, usingoje ipasuke.

UZURI WA MKAKASI

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi ukipata maji basi, na hapana anayeifahamu methali hii kuliko mwanamke anayesali. Anayetawadha kwa kila sala, tena akiosha uso mara 3 kama ilivyo sunna, maji yamempitia usoni mara 15 kwa siku. Na maji ya visima vyetu vya pwani ni ya chumvi. Binti wa miaka 20 hayasikii hayo. Mama wa miaka 55 huyasikia, maana kila maji yanapokauka usoni huondoka na unyevu wa ngozi.

Dawa yake ni nyepesi na haina gharama. Ukimaliza kutawadha, usisugue uso kwa taulo. Gusa gusa kwa ncha ya leso, na ngozi ingali na umajimaji, pitisha mafuta kidogo sana kwa viganja. Mafuta ya nazi hufaa wengi; ambaye huota chunusi kwayo atumie ya ufuta au krimu isiyo na manukato. Sabuni iwe mara moja kwa siku, usiku, nayo isiwe ile ya kufulia.

Udhu ndio unaoamua pia ni pambo gani lifae na kwa saa gani. Rangi inayokaa juu ya ngozi kama utando huzuia maji yasifike, kwa hivyo yabidi iondolewe kwanza, nayo hina haina taabu hiyo kwa kuwa imeingia ndani ya ngozi ikabaki rangi tu. Siku hizi kuna vipodozi vilivyotengenezwa visitoke kwa maji hata kidogo. Mama anayepakwa hivyo saa kumi alasiri atafanyaje magharibi? Ataanza kusugua kwa sabuni, na kusugua huku ndiko kunakoiumiza ngozi yake kuliko rangi yenyewe. Afadhali asali isha kwanza ndipo apambwe. Na kwa karamu ya mchana, wanja mwembamba na rangi ya mdomo vyatosha. Chochote kilichokwama kitolewe kwa mafuta, si kwa nguvu.

MKONO MWEPESI

Tuseme basi isha imesaliwa na mama yuko tayari. Uso umepakwa mafuta robo saa kabla, yakaingia. Ikiwa atatumia krimu ya rangi ya kufunika madoa, ichaguliwe mchana, mlangoni penye mwanga wa jua, ikijaribiwa kwenye taya. Usijaribu mkononi, maana rangi ya mkono si ya uso, wala usiamini taa za dukani. Rangi iliyo sawa hupotea ukiitia. Inayoonekana, hata ikiwa inapendeza, si yako.

Hapa ndipo penye kosa kuu la miji yetu: kuchagua rangi iliyo nyeupe kuliko ngozi kwa kudhani kwamba weupe ni ujana. Juu ya ngozi nyeusi rangi nyeupe hugeuka kuwa ya kijivu, rangi ya jivu la mkaa, na jivu halimfanyi mtu kijana. Weusi wa chini ya macho hautoki kwa kupakwa weupe. Kwanza hutiwa rangi kidogo inayoelekea chungwa, ambayo huuvunja ule ukijivu, kisha ndipo hufuata rangi ya ngozi, kidogo, kwa kidole cha pete kwa kuwa hicho ndicho chenye nguvu chache. Krimu ipakwe penye doa, si uso mzima. Ngozi nzuri ya mahali pengine iachwe ionekane. Mtu anayeona ngozi halisi hapa na pale huamini kwamba yote ni halisi.

Poda ipite puani na katikati ya paji la uso, mahali panapong'aa kwa jasho, na ikome hapo. Pembeni mwa macho na mashavuni isifike. Wale wanaotumia poda nyeupe ya watoto wangojee picha za arusi waone. Tena kuna poda ambazo kwa macho hazionekani, lakini mwanga wa kamera ukizipiga hurudisha weupe, mama akatoka kwenye albamu kama aliyetumbukia kwenye unga. Piga picha moja ya majaribio kabla hujaondoka nyumbani. Na vumbi la kumeta lina wenyewe, nao ni watoto; likiingia kwenye mikunjo ya macho huihesabu mmoja mmoja.

Nyusi hupungua nywele kwa umri. Zisinyolewe na kuchorwa upya kwa wino mweusi kama upinde. Kwa mtu mzima hilo huufanya uso kuwa mkali, licha ya kuwa kunyoa nyusi kwenyewe kuna makatazo yanayojulikana. Jaza mapengo tu, kwa vistari vidogo vya rangi ya kahawia iliyokoza. Mdomoni, midomo ipakwe mafuta mapema, kisha ifutwe, ndipo rangi ipite, isije ikatambaa kwenye vijistari vya pembeni. Rangi za komamanga, zambarau mbivu na tofali huwapa uhai wengi wa ngozi zetu. Nyeupe-nyeupe na ile inayokauka kama chaki huwaondolea. Uwekundu wa shavu, kwa anayeupenda, upandishwe juu kidogo kuelekea sikio, kwa maana shavu lenyewe limekwisha kushuka, na rangi ikifuata lilikoshukia huzidi kulivuta chini.

WANJA WA MANGA

Wanja una heshima yake. Ithmidi imetajwa katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, na kwa hiyo wengi hawaulizi neno juu ya kijiwe wanachouziwa maadamu muuzaji ameapa kwamba kimetoka Makka. Shida ni kwamba kijiwe cheusi kinachometa si lazima kiwe ithmidi. Ithmidi inajulikana kuwa ni antimoni. Kinachofanana nayo sana, na kilicho rahisi kupatikana, ni madini ya risasi. Uchunguzi wa wanja zilizouzwa Omani, uliochapishwa mwaka 1998, ulikuta madini hayo ya risasi katika wanja nyingi. Nasi wanja wetu mwingi, kama jina la wanja wa manga linavyosema, ulitoka pande hizo.

Risasi ni sumu, na mwenye kudhurika zaidi ni mtoto, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Kijaluba cha nyanya ndicho kinachompaka mjukuu wa siku 7, na mtoto hujipangusa jicho akatia kidole kinywani. Kwa nyanya mwenyewe kuna jambo jingine. Risasi iliyoingia mwilini miaka na miaka hukaa ndani ya mifupa. Hedhi ikikoma mifupa huanza kupungua, na kile kilichofichwa humo hurudi kwenye damu. Wanja wa masizi, yaani moshi wa utambi uliochomwa kwa mafuta safi ukachanganywa na tone la samli, hauna risasi ndani yake, na wangali wapo wanaojua kuutengeneza. Vinginevyo nunua wa dukani ulioandikwa ulimotengenezwa na ulivyotengenezwa. Na mwiko wa wanja haukopeshwi, maana maradhi ya macho hukopwa pamoja nao.

Kwa namna ya kuupaka: jicho la mtu mzima lina kope lililolegea kidogo, na wanja mnene chini ya jicho huchukua weusi ulioko pale ukauongeza, mtu akaonekana hakulala siku 3. Uache chini. Upitishe juu, kwenye mizizi ya nywele za kope, mwembamba kama uzi, uzidi kidogo upande wa nje. Jicho hufunguka.

MKOROGO

Haya yote ni mambo ya kupendeza na kutopendeza. Linalofuata ni la uhai.

Mama anayeona madoa usoni mwake, na arusi ya mwanawe inakaribia, au mume ameanza kutaja taja habari za mke wa pili, huambiwa na shoga yake kwamba iko krimu. Huja ndani ya kopo lisilo na jina, imechanganywa na mtu nyuma ya duka, au katika kasha lenye maandishi ya lugha asiyoisoma. Huu ndio mkorogo. Baada ya wiki chache uso hung'ara kweli, na hapo ndipo mtego unapofunga.

Kinachong'arisha mara nyingi ni moja ya vitu 3. Ipo hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa miaka mingi bila daktari huweza kuyafanya mashavu yawe na weusi wa kibuluu usiotoka tena, yaani lile doa lililokimbiwa hurudi likiwa baya mara dufu. Zipo dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Na ngozi ya mtu mzima imekwisha kuwa nyembamba, sasa inapunguzwa nini? Na ipo zebaki.

Juu ya zebaki hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana ulipatikana hapa hapa Kenya. Mwaka 1972 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha ripoti kutoka Nairobi juu ya wagonjwa 60, watu wazima, waliougua figo kwa namna ya kuvimba mwili na kupoteza protini kwenye mkojo. Walipoulizwa wanachojipaka, zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye mchanganyiko wa zebaki wa asilimia 5 hadi 10. Imepita zaidi ya nusu karne. Shirika la KEBS limepiga marufuku vipodozi vya zebaki, na katika Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki duniani kote, nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi hivyo viondolewe kabisa ifikapo 2025. Lakini marufuku ni ya karatasi, na kopo lisilo na jina halisomi karatasi.

Ukitaka kuitambua, tazama maandishi kama yapo. Penye neno "mercury", "calomel" au herufi Hg, weka chini. Iko alama nyingine ambayo wengi hawaijui: ukiambiwa krimu isiguse dhahabu wala fedha, vua wasiwasi kwa dhahabu yako uutie kwa figo zako, kwa kuwa zebaki ndiyo inayoharibu dhahabu. Na aliyekwisha kuitumia aangalie uso unaoamka umevimba, miguu inayofutuka jioni, na mkojo wenye povu. Asiseme ni uzee. Aende hospitali, na amwambie daktari waziwazi anachojipaka, maana wengi huona haya kulitaja hilo, na daktari asipoambiwa hutafuta kwingine. Tena zebaki haibaki kwa mwenyewe: huenda kwenye taulo, kwenye mito, na kwa mjukuu anayebusiwa.

Madoa yenyewe hayana haraka. Jua ndilo linaloyalisha, na buibui haifuniki uso wa wengi wetu. Krimu ya kuzuia jua, hasa iliyotiwa rangi, kivuli cha mwavuli, na subira ya miezi vinafanya kazi ambayo mkorogo huifanya kwa wiki na kuivunja kwa mwaka. Yasiyokubali aonyeshwe daktari wa ngozi.

Limebaki la mvi. Mama aliyechorwa piko mikononi katika arusi za ujana wake, kisha leo anataka kutia nywele dawa nyeusi, ajue kwamba kinachotia weusi katika piko ndicho kilichomo katika dawa nyingi za nywele. Mwili ulioikataa mara moja, hata kwa muwasho mdogo wa zamani, waweza kuikataa safari hii kwa kuvimba uso mpaka macho yasifunguke. Atie tone nyuma ya sikio angoje siku 2. Ama atumie hina ya majani, ambayo peke yake hugeuza mvi kuwa nyekundu, na ikifuatiwa na unga halisi wa nili hutoa rangi ya kahawia iliyokoza hadi weusi. Aununue kwa anayemwamini, kwa sababu hata unga huo wapo wanaouchanganya. Na kazi hiyo ifanywe siku 2 kabla ya arusi, si asubuhi yake, kwa kuwa rangi ya hina na nili huendelea kukoza baada ya kuoshwa.